Foklifti iliyotumika: anzia kwenye mlingoti
Wanunuzi wengi ninaowasindikiza huenda moja kwa moja kwenye injini. Wanasikiliza mlio, wanatazama moshi, wanaridhika. Mimi naanzia mbele, kwenye mlingoti, yaani nguzo ambazo uma, ile mikono ya chuma inayobeba mzigo, hupanda na kushuka juu yake. Injini mbovu itakula pesa zako, lakini uma ukikatika au cheni ikiachia mzigo hewani, kinachopotea huenda kikawa uhai wa mtu.

Piga magoti utazame kisigino cha uma, pale unapojikunja kwenda juu. Hapo ndipo unapolika kwa kusuguana na sakafu. Pima unene wake, ulinganishe na sehemu ya wima isiyoguswa na kitu. Ukiwa umelika asilimia 10, uwezo wake wa kubeba umeshuka kwa takriban asilimia 20, na dawa yake ni kuubadilisha. Futa grisi yote hapo, utafute ufa. Uma uliochomelewa ukatae hata kama kazi ni safi, maana moto wa kuchomelea huharibu uimara ambao chuma kilitiwa kiwandani.

Cheni nazo hurefuka. Hesabu pingili kadhaa kwenye kipande kinachopita juu ya puli, upime urefu wake, kisha pima idadi ileile kwenye kipande kisichofika pulini. Tofauti ikifika asilimia 3, cheni imekwisha.

Baada ya hapo omba mzigo halisi, unaokaribia uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine bila kuuzidi. Muuzaji anayekuonyesha uma mtupu ukipanda na kushuka hajakuonyesha kitu. Inua mzigo kidogo, tia alama ya chaki kwenye mlingoti, usubiri dakika 10 ukiwa umesimama mbali. Mzigo ukiteremka wenyewe, sili za silinda au vali zinapitisha mafuta. Na tafadhali, usipapase hozi kwa mkono ukitafuta panapovuja! Mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi kupitia tundu usiloliona, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa sababu hiyo. Pitisha kipande cha kadibodi.

Injini ije sasa, na iwe baridi. Ukiikuta tayari ina joto, rudi siku nyingine, kwa sababu ugumu wa kuwaka umeshafichwa. Mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo mashine imefanya kazi, usiiamini peke yake. Ikionyesha saa chache ilhali pedali zimelika hadi chuma, amini pedali.

Foklifti ya umeme ina jambo lake: betri ni sehemu ya uzito unaozuia mashine isipinduke mbele. Linganisha uzito wake na ule ulioandikwa kwenye kibao. Betri nyepesi iliyowekwa kwa ajili ya kuuzia ni hatari.

Dereva aliyekuwa akiiendesha akiwepo, zungumza naye pembeni. Muulize ni mizigo gani huwa anakataa kuibeba nayo.