Mapenzi kwenye sizoni za vichekesho: msiyapeleke kwenye benchi

Mkuu, umeuliza kwa nini sizoni nyingi za vichekesho zikishaingiza mapenzi zinapoa. Nakujibu kwa aibu yangu mwenyewe.

Tulikuwa kikundi pale Majengo, Moshi, tunarekodi vichekesho vya dakika kumi kwa simu, mimi ndiye mwandishi. Kisa chenyewe: washikaji wawili wana kibanda cha chipsi, mmoja anatoka kwa siri na dada wa mwenzake. Vichekesho nikaviweka kibandani. Mapenzi nikayapeleka pembeni, kwenye benchi, na muziki laini. Siku ya kuwaonyesha majirani, kibandani walicheka mpaka basi. Lilipofika benchi, mama mmoja akainuka kwenda kuangalia maharage yake jikoni. Hakurudi.

Nikarudia kuangalia Friends, ile sizoni ya vichekesho ya Marekani ya marafiki sita, msimu wa 5 episodi ya 14, ya Februari 1999, ile Phoebe anawaona Monica na Chandler, wapenzi wa siri, kupitia dirishani. Safari hii nikawa nahesabu nani anajua nini. Joey anajua siku nyingi, siri imeshamchosha. Rachel anajua. Sasa Phoebe naye. Basi Phoebe anajifanya anamtaka Chandler, Chandler akishashtukia mchezo anajifanya amekubali, kila upande unasubiri mwingine asalimu amri. Wanabusiana kama watu wanaomeza klorokwini. Chandler ndiye anayeshindwa, na anaposhindwa linamtoka: anampenda Monica. Yaani lile neno zito kabisa limekuja kama goli la kujifunga! Wewe bado unacheka, umeshikwa na huruma hujui saa ngapi.

Halafu kuna Ross, kaka yake Monica. Vituko vyake vya kukaa uchi na jirani ili apate ile nyumba ya ng'ambo ya barabara, ambamo Phoebe aliwaonea, nilidhani ni vya kujazia dakika. Kumbe ndivyo vinavyomfikisha kwenye dirisha lilelile mwishoni, akamwona rafiki yake na dada yake. Utani umemleta mwenyewe kwenye maumivu.

Nikafuta benchi. Binti akawa anakuja kununua chipsi kaka yake akiwa palepale, wapenzi wanaongea kwa mafumbo ya kachumbari na pilipili. Bodaboda mmoja anajua kila kitu, ananyamazishwa kwa chipsi mayai za bure, na kila siku anaongeza mshikaki. (Huyu ndiye aliyependwa kuliko wote, na sikumpangia hivyo.) Kisha kaka mtu anampatia dada yake mchumba mwenye fuso, anamwomba mshikaji wake amsifie kwa dada. Jamaa anaanza kusifia, sauti inakauka, chipsi zinaungua kwenye karai, kaka anageuka kuangalia moshi. Tukakata hapo. Hakuna aliyesema "nakupenda".

Tulipoonyesha tena, yule mama alikaa mpaka mwisho, akanishika mkono: "Sasa mwanangu, huyo kaka mtu ameelewa au hajaelewa?"

Ikabidi niandike ya pili usiku uleule.