Fanya Hesabu ya Basi na Kizidishi Kabla ya Kuongeza Kasi ya Prosesa

Nilinunua prosesa ya Core 2 Quad Q6600 iliyokwisha kutumika katika duka dogo la Luthuli Avenue, hapa Nairobi, kwa nia moja tu: kuiendesha kwa gigahezi 3.0 badala ya 2.4 iliyotoka nazo kiwandani. Kwa siku mbili mfululizo kompyuta ilikataa kuwaka, au iliwaka ikaganda kabla Windows haijamaliza kufunguka, nami nikaamini kwamba nimeuziwa prosesa mbovu. Prosesa ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni hesabu ambayo ningeweza kuifanya kwenye karatasi kwa dakika tano.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili. Ya kwanza ni kasi ya basi, yaani njia ambayo prosesa ya aina hii huitumia kuwasiliana na kumbukumbu na sehemu nyingine za ubao mama; ya pili ni kizidishi, kilichowekwa ndani ya prosesa yenyewe. Basi la Q6600 huenda kwa megahezi 266 na kizidishi chake ni 9, na ukizizidisha unapata takriban megahezi 2,400. Tatizo la kwanza huwa kwenye maandishi ya boksi, yanayotaja basi la 1066. Namba hiyo imetokana na basi kupitisha data mara nne katika kila pigo la saa ya ndani ya kompyuta, kwa hiyo usiizidishe kwa 9. Namba ya kufanyia hesabu ni 266. Kumbukumbu nayo ina desturi kama hiyo, kwani DDR2-800 hupiga kwa megahezi 400 na kupitisha data mara mbili katika kila pigo.

Kizidishi cha Q6600 kinaweza kushushwa hadi 6, lakini hakipandi juu ya 9. Ndiyo maana ilinibidi nipandishe basi hadi 333, kwa kuwa 333 mara 9 ni karibu 3,000. Nilisahau kwamba kasi ya kumbukumbu hukokotolewa kutokana na basi hilo hilo. Ubao wangu ulikuwa umewekwa katika uwiano wa 2 kwa 3, uliofanya basi la 266 liipe kumbukumbu megahezi 400, ambazo ndizo halali yake. Basi lilipofika 333, uwiano huo ulidai megahezi 500, yaani DDR2-1000, kutoka kwa kumbukumbu iliyouzwa kama DDR2-800. Kumbukumbu ilishindwa, nami, kwa kudhani kwamba ni prosesa inayoshindwa, nikaiongezea volteji, kisha nikaiongezea tena, nikipandisha joto bila kugusa chanzo cha tatizo. Hilo ndilo kosa ninalotamani sana msomaji alikwepe, kwa sababu volteji isiyohitajika ndiyo inayofupisha maisha ya prosesa.

Siku hizi ninamshauri kila anayeniuliza atenganishe vitu vitatu, yaani basi, prosesa na kumbukumbu, na kuvipima kimoja kimoja. Shusha kizidishi hadi 6 na uweke kumbukumbu katika uwiano wa 1 kwa 1, kisha pandisha basi peke yake hadi 333. Prosesa itakuwa ikienda kwa gigahezi 2.0 tu, chini ya kasi yake ya kawaida, na kumbukumbu kwa 333, chini ya 400 zake. Kompyuta ikiganda katika hali hiyo, wa kushukiwa kwanza ni ubao mama. Ikitulia, rudisha kizidishi hadi 9 huku kumbukumbu ikibaki palepale, na hapo ndipo unapoweza kujua kama prosesa inahitaji volteji zaidi. Kumbukumbu ije mwisho, na ipimwe kwa Memtest86, programu ya kutafuta makosa ya kumbukumbu.

Volteji iongezwe kwa hatua ndogo sana. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji: ukiongeza kasi kwa asilimia 25 na volteji kwa asilimia 10, matumizi huongezeka kwa takriban nusu nzima, na umeme wote huo hugeuka joto. Sisi tunaoishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari tuna jambo la ziada, kwani hewa yetu ni nyepesi na feni ile ile huondoa joto kidogo kuliko ambavyo ingeondoa Mombasa kwenye chumba chenye halijoto sawa.

Usishtuke ukifungua CPU-Z, programu inayoonyesha kasi ya prosesa, na kukuta prosesa iko chini ya kasi uliyoiweka. Ikiwa haina kazi, SpeedStep, mfumo wa Intel wa kuokoa umeme, hushusha kizidishi hadi 6 ili kupunguza umeme. Ipe kazi nzito uone kinavyorudi 9.

Kwa prosesa za Intel zilizokuja na kizazi cha Sandy Bridge mwaka 2011, ushauri wangu hugeuka kabisa. Saa ya msingi ni megahezi 100 na imefungamanishwa na PCI Express na SATA, yaani njia za kadi za ziada na za diski, hivyo kuisogeza hata kwa asilimia chache kunaweza kuvuruga data iliyo kwenye diski. Hapo gusa kizidishi peke yake, na ili kukipandisha kwa upana ni lazima uwe na prosesa yenye herufi K, kama i5-2500K ambayo huanzia 33, pamoja na ubao unaoruhusu. Wengi hununua mjini kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, kisha hugundua kwamba BIOS zake, yaani programu ya mipangilio iliyo kwenye ubao mama, hazina hata mahali pa kubadilishia namba hizi. Omba uonyeshwe BIOS kabla ya kulipa.

Jaribio langu la mwisho ni kuendesha Prime95, programu inayoipa prosesa hesabu nzito mfululizo, kwa saa nane, kuanzia asubuhi ili joto la mchana wa Februari nalo lihesabiwe. Kosa moja likijitokeza, hata katika saa ya saba, ninarudisha basi nyuma kwa megahezi 5 na kuanza upya. Q6600 yangu ilimaliza saa zote nane kwenye 333, na hapo ndipo nilipoiacha.