Daftari la Kurasa 48: Kwa Wanaojiandaa Kuomba Ufadhili

Wadogo zangu wa hapa Uganda mnaoanza Senior ya 5, yaani mwaka wa tano wa sekondari, mkisikia kwamba kuna ufadhili wa masomo unaowatazama pia wanafunzi wanaotumikia jamii, msikimbilie kutafuta kazi kubwa ya kupigwa picha. Programu ya Mastercard Foundation katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, huangalia matokeo ya mtihani na hali ya familia, lakini pia hutaka kujua kama mwombaji ana nia ya kuwafaa watu wake. Alama ni lazima, na hilo halihitaji maelezo. Kinachowashinda wengi ni kuthibitisha hiyo nia.

Mimi nilijifunza kwa kuaibika. Katika likizo ndefu ya baada ya Senior ya 4 tulisafisha chemchemi ya kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Tororo, nami nikajaza fomu ya wafadhili fulani kwamba nimeisaidia jamii kupata maji safi. Kwenye usaili mama mmoja akaniuliza kwa upole ni nyumba ngapi zinazochota pale, na ni nani anayezibua mtaro mimi nikiwa bwenini. Sikuwa na jibu. Ufadhili ule sikuupata, na sioni kama nilionewa.

Niliporudi nyumbani nilinunua daftari la kurasa 48, nikawa naandika siku ileile ya kazi: tarehe, tulikuwa wangapi, tumeanza saa ngapi, nini kimeharibika. Ukurasa mmoja unasema tu, "Tulikuwa sita. Mpini wa jembe umevunjika. Majani hayajaisha, tutarudi Jumamosi." Ukurasa huo ulinifaa kuliko insha yangu nzima, kwa kuwa mtu anayebuni huduma hakumbuki mpini.

Wapo wanaodhani kwamba kazi isiyokuwa na fulana zenye nembo haihesabiwi. Nadhani hapo wanakosea sana. Buganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kufyeka njia na kusafisha visima, tangu zamani za mababu. Ukishiriki na wazee, iandike. Ukimsaidia mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, kupita nyumba kwa nyumba, iandike vilevile, ila usiandike majina ya wagonjwa.

Jambo la mwisho ni barua ya kukutambulisha kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ukienda mikono mitupu atakuandikia kwamba wewe ni kijana mwenye tabia njema, maneno anayomwandikia kila mtu. Mpe daftari alisome kwanza, na umfuate alfajiri kabla hajaenda shambani, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, maana muhuri mara nyingi huwa kwa katibu, na katibu naye huenda amesafiri.