Geti la tao: paipu nikate urefu gani?

SWALI: Habari mhariri, mimi ni fundi wa mageti huku Mbagala. Nina mteja anataka geti lenye tao juu, upana mita 3, katikati lipande nusu mita. Nilikadiria tu kwa macho nikakata skwea paipu mita 3 na sentimita 10, kupinda ikapelea, nikaanza kuungaunga vipande na mteja akaona, aibu tupu. Mwanangu yuko kidato cha tatu ananiambia mbona rahisi baba, chukua pembe gawanya kwa 360 zidisha kwa mzingo wa duara. Sasa mimi duara sina, nina kipande tu cha juu, hiyo pembe naipimia wapi?

JIBU: Pole fundi. Mwanao hajakosea ila kakupa nusu ya habari, maana shuleni swali linakuja na pembe yake kabisa, kwenye geti hakuna anayekupa pembe. Ulivyo navyo wewe ni upana na kimo cha tao, na hivyo viwili vinatosha.

Chukua nusu ya upana, mita 1.5, izidishe kwa yenyewe upate 2.25, gawanya kwa kimo 0.5 inakuwa 4.5, halafu jumlisha kimo hicho hicho, jibu 5. Hicho ndo kipenyo cha duara lako usiloliona, kwa hiyo nusu kipenyo ni mita 2.5. Sasa washa kalkuleta ya simu, ilaze iwe ile yenye vitufe vingi, hakikisha imeandika DEG, gawanya 1.5 kwa 2.5 upate 0.6, tafuta sin⁻¹ yake, itakuletea 36.87. Hiyo ni pembe ya nusu geti tu (wengi wanasahau hapa wanakata paipu nusu!), izidishe mara mbili, 73.74. Hapo sasa ndo unaingia kwa mwanao: 73.74 gawanya kwa 360, zidisha kwa mzingo ambao ni 2 × 3.14 × 2.5, unapata mita 3.22 hivi. Wewe ulikata 3.10, umepelea sentimita 12.

Kama simu haina chaji kuna njia ya mkato naipenda sana: kimo mara kimo, zidisha kwa 8, gawanya kwa upana mara 3, jibu ongeza kwenye upana. Kwako ni 0.25 mara 8 ni 2, gawanya kwa 9 ni 0.222, jumla 3.222. Inatofautiana na ile ya kweli kwa milimita 5 tu, nani ataona? Ila ni kwa tao lililolala tu. Ukiitumia kwenye nusu duara la upana wa mita 2 itakwambia mita 3.33 wakati ukweli ni 3.14, hapo umetupa chuma bure.

Na kama hesabu zote huziamini, chora sakafuni kwa chaki. Piga mstari wa mita 3, toka katikati yake shuka mita 2 kwa kona mraba, pigilia msumari, funga kamba ya mita 2.5 uzungushe, tao lote hilo hapo, ni tatu nne tano ile ile mnayopigia kona za msingi. Laza kamba juu ya mchoro kisha ipime.

Kitu kingine ambacho mtoto hawezi kukwambia ni unene wa paipu. Skwea ya sentimita 4 kwenye tao hili, upande wa nje unakuwa mrefu kuliko wa ndani kwa sentimita 5 nzima, kwa hiyo vipimo vyako vyote chukua kwenye mstari wa kati wa paipu, sio ukingoni. Na ncha huwa hazipindi vizuri kwenye mashine, acha ziada kila upande, pinda kwanza, lalisha juu ya chaki, ndo ushike grenda.