Barua za Wasafiri: Noah, Maporomoko na Mchanga wa Matema

SWALI: Shikamoo mzee wa usukani. Tunakaa Iringa mjini, mimi na baba watoto na watoto watatu. Kitinda mimba ana miaka minne. Juni tuna likizo ya siku nne. Baba watoto anataka Bagamoyo. Mimi nimechoshwa na foleni za Dar, nataka maporomoko na ufukwe kwa safari moja, na wifi yangu kaniambia Matema, kule Ziwa Nyasa. Gari letu ni Noah ya otomatiki. Itafika? – Mama Watatu, Iringa

JIBU: Marahaba mama. Itafika, na baba watoto mwambie huku hakuna chumvi ya kusuuza mwilini jioni. Ziwa Nyasa ni maji baridi, mchanga upo, mawimbi yapo.

Siku ya kwanza msijitie ushujaa. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, ni barabara ya malori. Ule mteremko wa Inyala, kabla hamjafika Uyole, umekula watu wengi. Hapo kaa nyuma ya lori kwa subira hata kama watoto wanalia njaa. Uyole mnakata kushoto, barabara ya Tukuyu, mnalala Tukuyu. Beba masweta. Juni Tukuyu ni ukungu na baridi, na mvua ya pale haisomi kalenda.

Sasa nisikilize kuhusu breki. Ukiwa Isyonje, kati ya Uyole na Tukuyu, uko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Tofauti yote hiyo unaishuka ndani ya kilomita mia na kitu. Mwaka wangu wa pili kwenye lori nilishuka na shehena ya sukari, mguu haubanduki kwenye breki, utingo anaimba. Tukasikia harufu ya kuungua. Nikasimama, na kwa ujinga wa ujana nikamwambia utingo amwagie maji. Drumu ikapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Tulilala pale siku mbili, tunakula ndizi za kuchoma za mama mmoja aliyetuhurumia. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu Noah iwe namba 2 au L, injini ndiyo ishike gari, mguu uguse na kuachia. Ukisikia harufu, simama sehemu tambarare, weka jiwe kwenye tairi, kunyweni chai. Maji usimwage.

Maporomoko yafanyeni asubuhi ya siku ya pili, miguu ikiwa na nguvu. Kama wakati ni mdogo chagueni moja, nami nachagua Kaporogwe, kusini ya Tukuyu, mnaacha lami ya Kyela na kuingia barabara ya vumbi. Maji yanadondoka kama mita 40, na nyuma yake kuna pango. Unaingia humo, unayatazama maji kwa mgongoni. Mkubwa wako hatalisahau. Huyo wa miaka minne abebwe, njia inateleza kama imepakwa mlenda. Kama usiku wake mvua imenyesha, Noah iacheni kijijini mchukue bodaboda. Gari dogo likizama kwenye tope la Rungwe linatolewa na kijiji kizima, na kijiji kizima kina bei yake.

Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira liwekeni siku ya kurudi. Ni jiwe la volkano lililovuka mto lenyewe, bila fundi. Kijungu hakiko mbali na hapo: mto mzima unaingia kwenye chungu cha mwamba na kutokea chini. Njia inapita eneo la chuo cha Magereza, basi semeni shida yenu getini kwa adabu. Ukingoni kila mtoto awe na mtu mzima wake.

Toka Kaporogwe mnarudi lami, mnashuka hadi Kikusya, mnakata kwenda Ipinda, na lami inawafikisha Matema. Joto litawapokea, masweta vueni. Usiku wa pili na wa tatu ni wa hapo. Ogeleeni asubuhi ziwa likiwa limetulia. Miezi hii upepo wa mwera huamka baadaye na kuleta mawimbi. Msiogelee karibu na mto unapoingia ziwani, mamba wanapapenda. Penye matete na maji yaliyotuama pana kichocho. Kaeni penye mchanga mweupe, na waulizeni wavuvi, wao ndio wenye ziwa. Jioni agizeni samaki mbasa na wali wa Kyela. Baba watoto akilitaja tena jina la Bagamoyo baada ya sahani hiyo, niandikie.

SWALI: Mzee, kila nikinunua vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, vinafika Mbeya vipande. Nakosea wapi? – Mpishi wa Soweto, Mbeya

JIBU: Unavilaza kwenye buti, nadhani, na mabegi juu. Chungu kisimame, mdomo juu, majani makavu ya migomba ndani na nje, na kisigusane na mwenzake. Wenyewe wanavifunga kwenye matenga kwa nyasi. Walipe wakufungie, wanajua. Nunua Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema, Jumamosi siku ya soko. Kabla hujalipa kigonge kwa kidole: kikilia vizuri kibebe, kikitoa sauti ya debe kina ufa, mrudishie mama kwa tabasamu. Na kwenye matuta punguza mwendo. Najua haraka ya watu wa Soweto.