Kiti cha juu kabisa uwanjani? Usilipe kwanza

Usilipe. Funga huo ukurasa wa tiketi, unisome kwanza.

Mleta mada unasema kuna bendi unaipenda tangu sekondari, hujawahi kuiona laivu, na sasa umepata kiti cha ghorofa ya juu ya uwanja wa mpira, upande wa goli linalotazamana na steji, kwa bei chee. Halafu unauliza ulale wapi, uvae nini na ufike saa ngapi. Mkuu, hayo yote yatasubiri. Kiti ndicho kitakachokuumiza.

Mimi AC/DC, ile bendi ya roki ya Australia, nimekua nao, kwa kanda za kaka yangu. Walipokuja Wembley, uwanja wa mpira wa London, Julai 2024, kiti kama hichohicho chako niliuziwa na jamaa mmoja wa grupu la WhatsApp, wale wanaouza tiketi za mkono wa pili. Aliniapia kwamba kule juu ndiko kutamu, unaona steji nzima, na sauti ya uwanjani ni ileile popote ukaapo. Muongo mkubwa. Mtu anayeuza tiketi kila msimu hawezi kuwa hajui, na bado anakutazama usoni anakuambia "sauti ni ileile". Hadi leo nikiona jina lake kwenye simu damu inachemka.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Wembley inaingiza watu 90,000. Ukikaa juu kule mwisho, kati yako na steji kuna mita mia na ushee. Picha ya kwenye skrini inakufikia papo hapo, sauti inakuja nyuma yake. Namtazama mpiga gitaa wao Angus Young kwenye skrini, kaptula yake ya shule, mguu unapiga sakafu, vidole vimeshatoka kwenye nyuzi, ndipo noti inanifikia. Mwisho wa onyesho wanafyatua mizinga: moshi unauona kwanza, mlio unafuata. Watu wakipiga makofi, wa chini wanafuata mdundo uliowafikia wao na wa juu wanafuata wa kwao, kwa hiyo hata makofi yanapishana.

Atatokea mtu hapa aseme siku hizi kuna spika za nyongeza katikati ya uwanja. Zipo. Lakini nazo hucheleweshwa makusudi ili ziende sambamba na sauti inayotoka steji. Zinakuongezea nguvu, muda hazikurudishii.

Na kilichoniuma zaidi si huko kuchelewa. Muziki wa AC/DC umejengwa juu ya ukimya: gitaa linakata, kimya kifupi, linakata tena. Mtindo huo ni wa marehemu Malcolm Young, kaka yake Angus aliyepiga gitaa la pili, na sasa mpwa wake Stevie ndiye anayeushikilia. Kule juu, chini ya paa, mwangwi unaujaza ule ukimya wote, besi inavimba, gitaa linakuwa uji. Wimbo niliojua kila pumzi yake niliutambua kwa kubahatisha. Bendi haina kosa hata kidogo. Mwimbaji wao Brian Johnson alikuwa na miaka 76 usiku ule na alitoa kila alichonacho. Niliondoka nimefurahi kuwaona, lakini nina donge kifuani, kwa sababu walipiga vizuri na mimi sikuwasikia.

Kwa hiyo shika hili moja: kabla ya kulipa, tafuta meza ya fundi sauti itakaa wapi. Kwa kawaida huwa uwanjani chini, ikitazamana na steji. Fundi anachanganya muziki kwa masikio yake, pale alipo. Ukiwa karibu naye, au kwenye mstari wake bila paa juu ya kichwa chako, unasikia anachosikia yeye. Ukumbi nao ni mzuri zaidi ya uwanja, ingawa usiamini jina tu: Royal Albert Hall, ukumbi wa 1871 wenye heshima zake zote, ulisumbua kwa mwangwi hadi mwaka 1969 walipotundika sahani kubwa darini. Kama fedha haitoshi kwa kiti kizuri, subiri bendi ipite kwenye ukumbi wa watu wachache, hata kama ni bendi nyingine unayoipenda kidogo.

Nunua na vizibo vya masikio. Johnson mwenyewe mwaka 2016 madaktari walimsimamisha ziara asije akawa kiziwi kabisa.

Mambo ya hoteli na treni watakujibu wengine. Wewe weka hapa namba ya bloku na ya mstari wa kiti kabla hujalipa, na ramani ya viti kama unayo, nikuambie utakaa umbali gani na steji. Na huyo anayekuuzia, muulize meza ya fundi iko wapi. Akianza kukuzungushia maneno, achana naye.