Pointi za Disney na safari za familia Orlando: kinachobadilika ukishakuwa nazo

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: mnaishi huku Marekani, mna watoto watatu, kila baada ya miaka kadhaa mnajichanga mnaenda Orlando, sasa shemeji kakaa na wauzaji wa Disney Vacation Club (klabu ya Disney ya kununua malazi kwa pointi) kakolea anataka msaini, na wewe unauliza kama safari zenyewe zinabadilika au ni hela tu inatoka mfuko huu inaingia ule. Waliotangulia wamekujibu kwa hesabu, nusu wanasema wizi nusu wanasema uwekezaji. Mi nitaongelea zaidi safari maana sisi pointi tunazo, za Kidani Village pale hoteli ya Disney inayoitwa Animal Kingdom Lodge, tunakaa Georgia tunashuka na gari kwa barabara kuu ya I-75, asubuhi mnatoka jioni mpo.

Ila hilo la uwekezaji tulimalize kwanza. Sio uwekezaji. Mkataba una mwaka wa kufa kutegemea hoteli uliyonunulia, Old Key West na BoardWalk ni 2042, Saratoga Springs 2054, Kidani yetu 2057, siku ikifika unarudisha na huna unachodai. Ulichonunua ni malazi uliyoyalipia mapema, basi.

Na inavyofanya kazi kwa kifupi kwa wasioijua: sio zile taimshea za kizamani za kupewa wiki moja ile ile kila mwaka, hawa toka wameanza 1991 wanaenda kwa pointi. Kila mwaka mwezi uliopangiwa ukifika pointi zinaingia, unazitumia kulala, chumba kikubwa pointi nyingi, Krismasi pointi nyingi, Ijumaa na Jumamosi zinapanda. Hujazitumia unazisogeza mwaka unaofuata, zimepungua unakopa za mwakani. Hoteli uliyonunulia unaruhusiwa kubuku miezi 11 kabla, hoteli zao nyingine miezi 7.

Sasa safari. Kitu cha kwanza kinachobadilika ni haraka, inaisha kabisa. Zamani tukilipia hoteli kwa usiku na tiketi juu yake, kila saa ilikuwa na bei kichwani mwangu, watoto wanaamshwa giza, tupo getini kabla halijafunguliwa, hakuna kurudi mpaka fataki za usiku, siku ya tatu mdogo analia kwenye foleni ya bembea ya Dumbo, mkubwa kanuna, mimi na mama watoto tunaongea kwa kupitia watoto. Na foleni ile ya dakika tisini juani mtapanga tu hata kama hakuna anayeitaka tena, kwasababu nani anajua mtarudi lini. Ukishakuwa na pointi unajua mwakani au mwaka kesho kutwa mpo tena, ile hofu inakata. Ile treni ya kasi ya Space Mountain ina foleni ndefu? Poa, tutapanda safari ijayo. Saa sita mchana tunapanda basi tunarudi, watoto wanaoga, wanalala, mvua ya Florida ya kiangazi inapiga radi yake alasiri sisi tuko ndani tunakula embe, jioni anayetaka kurudi anarudi. Kuna usiku fulani fulani pia wanaongeza masaa kwa waliolala kwenye hoteli za daraja la juu na hizi villa za wanachama, hapo ndo tunapandaga zile kubwa, mchana tumeshapumzika wenzetu wanabeba watoto waliolala begani kuelekea parking.

Kitu cha pili wauzaji hawakisemi kwa sauti: pointi ni kitanda tu. Tiketi za kuingia park hazihusiani nazo hata senti, na tiketi ndo zinazopanda kila kukicha, park ya Magic Kingdom siku za Krismasi imeshapita dola 180 kwa mtu mzima kwa siku moja. Kwahiyo matokeo yake ni ya ajabu kidogo, tunalala siku nyingi kuliko zamani lakini tunaingia park siku chache kuliko zamani. Siku nyingine ni bwawa tu, au maduka ya Disney Springs, au tunapanda ile treni ya juu ya monorail tunazunguka hoteli za Contemporary, Polynesian na Grand Floridian, bure, mwanangu wa mwisho ukimuuliza alipenda nini Disney atakwambia treni. Wanaojipanga wanafanya ujanja mwingine, wananunua pasi ya mwaka halafu wanabana safari mbili ndani ya miezi 12 ya pasi moja. Ila punguzo la pasi kwa wanachama ni kwa walionunua kwa Disney wenyewe tena kuanzia pointi 150, sisi tulionunua mtumba kwa mwanachama mwingine hatumo.

Jiko nalo. Studio (chumba cha kawaida kisicho na sebule) ina friji dogo na maikrowevu, hapo bado ni hotelini. Chumba kimoja cha kulala ndo kina jiko kamili na mashine ya kufua na kukausha, na kinakula pointi karibu mara mbili ya studio, lakini kwa familia yenye watoto watatu mi nasema hapo ndipo faida ilipo. Kidani chumba kimoja kina bafu mbili, wenye mabinti wanaelewa namaanisha nini. Tunabeba unga wetu na mwiko kutoka nyumbani maana sufuria wanazo ila mwiko hawana, usiku ugali na samaki, asubuhi chapati, na park wanaruhusu uingie na chakula chako ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Mnakaa kwenye kivuli mnakula chapati na kuku wa jana, pembeni yenu mtu kasimama kwenye foleni ya baga. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kwa pointi hawaji kusafisha kila siku, siku ya nne wanabadilisha taulo na kutoa takataka, usafi wa maana mpaka mkae sana. Mama watoto safari ya kwanza ya jiko alisimama kwenye sinki akauliza, "kwahiyo nimetoka kuosha vyombo Georgia nimekuja kuosha vyombo Florida?" Toka siku hiyo tuna zamu, na siku moja kila safari hakuna kupika, tunateremka mgahawa wa Sanaa pale pale chini kula ile mikate yao na michuzi yake huku pundamilia wanapita dirishani.

Halafu kuna ndugu. Hii kwenye hesabu za wazungu huwezi kuiona ila kwetu ndo kubwa kuliko zote. Ukoo ukishajua una "nyumba Disney" (ndo wanavyoita, ukieleza pointi hawakuelewi) simu zinaanza. Villa ya vyumba viwili pale Kidani wanaingia watu tisa, bafu tatu, na huko ndiko pointi zetu zinakoishia siku hizi. Mama yangu alivyokuja kutoka Moshi tukachukua yenye kuangalia uwanda wa wanyama, hizo zinagharimu pointi zaidi, nikijua atafurahi. Asubuhi nikamkuta barazani na kanga yake na kikombe cha chai, twiga yuko pale chini umbali wa kumrushia ndizi, mama anamuangalia tu. Nikamuuliza unaonaje. Akasema, "Mwanangu, nimepanda ndege siku nzima na usiku wake, umenileta kuangalia twiga?" Baadae tukatembea mpaka Jambo House, jengo lingine la hoteli hiyo hiyo, wakamuonyesha ng'ombe wa Ankole wenye yale mapembe, hapo ndo alichoka kabisa, "na ng'ombe nao wanalipiwa?" Kijana wa mapokezi akamsalimia "Jambo!" kwa furaha, mama akanigeukia kwa sauti ya chini, huyu mtoto shikamoo hajafundishwa? Lakini siku zilizobaki hakutaka kwenda park hata moja, alikaa na wajukuu barazani anawahadithia chui walivyokuwa wanachukua mbuzi enzi za babu yao, na sisi wawili tukapata jioni kwenye park ya EPCOT peke yetu, kitu ambacho kwenye chumba cha hoteli cha vitanda viwili hakiwezekani.

Ila ndugu wana gharama. Malazi wanaona bure, tiketi wanadhani nazo bure. Weka wazi mapema: kitanda na ugali ni mimi, tiketi kila mtu yake. Mimi nimeshaitwa mchoyo, sijafa.

Sasa ubaya, maana upo. Maisha yako yanaanza kwenda kwa kalenda yao. Shule nyingi za Georgia zina mapumziko mwezi wa kumi, nusu ya wanachama wa kusini huku wanataka wiki hiyo hiyo, kwahiyo miezi 11 kabla, asubuhi, upo kwenye kompyuta. Unabuku safari ya mwakani hujui kama mwakani utakuwa na kazi ile ile. Ukiahirisha ikiwa imebaki chini ya siku 30 pointi zinaenda kwenye kapu fulani ambalo unaweza kubukia siku 60 za mbele tu, na ndani ya siku 60 villa zilizobaki ni za kubahatisha. Sisi tunaendaga Jumapili mpaka Ijumaa, tunatoka kanisani na mabegi yako kwenye gari, tunakwepa zile siku mbili za bei, inakata pointi vizuri tu.

Na ada ya mwaka. Hii utalipa uende usiende, Kidani imeshavuka dola 8 kwa kila pointi na inapanda karibu kila mwaka, mwenye pointi 160 ni zaidi ya dola 1,280 kila Januari, wakati ule ule bili za Krismasi zinaingia. Hiyo ndo inakufanya uende hata mwaka ambao ulitaka kupumzika, kwasababu umeshalipa.

Ugomvi wetu mkubwa ndani ya nyumba ulikuwa ni huu: kwenda nyumbani Tanzania watu watano nauli peke yake ni hela ya kutisha, na mwaka wa Disney ukiingia, mwaka wa Moshi unasogea. Tulikosimama ni kwamba mwaka wa kwenda nyumbani pointi zote tunazisogeza mbele, mwaka unaofuata tunakuwa nazo mara mbili, ndo tunachukua vyumba viwili tunaita ndugu. Kumbuka tu kusogeza kuna mwisho, ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wako wa pointi, ukichelewa ni uzitumie ama uzikodishe kwa watu. Watu wengi tu wanalipa ada ya mwaka kwa kukodisha.

Watoto nao wanakua mkuu. Mkubwa wangu sasa ni kijana, mambo ya Mickey hayataki tena, anataka Universal, park za kampuni nyingine hapo hapo Orlando, na 2025 hawa wamefungua park mpya ya Epic Universe ndo kabisa. Pointi zako kule hazina kazi. Tunalala Kidani, yeye na binamu zake wanapelekwa Universal na gari, jioni wanarudi kula. Inawezekana, ila ukiwa na watoto wakubwa tayari piga hesabu hiyo kabla hujasaini kitu kinachofika 2057.

Kuhusu kununua, mkatazeni shemeji kusaini kwa mkopo wao, riba yake iko juu sana kuliko mkopo wa nyumba na inaua faida yote. Kwa Disney wenyewe ni zaidi ya dola 200 kwa pointi, mtumba wa Kidani ni karibu nusu ya hapo. Mtumba una masharti, kwanza Disney wana haki ya kuinunua wao kwa bei mliyokubaliana na muuzaji, unasubiri kama wataipitisha, pili kwa zile hoteli 14 za zamani zilizonunuliwa mtumba baada ya Januari 2019 hulali hoteli ya Riviera wala mpya zilizofuata. Mimi Riviera haijawahi kuninyima usingizi. Kama ameshasaini tayari usipaniki, sheria ya Florida inawapa siku 10 za kufuta kwa maandishi na mkarudishiwa hela, siku ya 11 mmeolewa. Na hii ni Disney naongelea, ambayo angalau inauzika ukichoka. Shemeji yangu mwingine ana taimshea ya kampuni nyingine huko huko Orlando, alienda kwa ajili ya tiketi za zawadi, sasa hivi anatafuta mtu wa kumpa bure na hapati.

Ningekuwa wewe ningekodi kwanza pointi za mtu, chumba kimoja chenye jiko, Jumapili mpaka Ijumaa, muone kama nyie ni watu wa kukaa au watu wa kukimbia. Kuna familia zinaenda Orlando kukimbia, wanapenda hivyo, chumba ni cha kuwekea mabegi tu, hao pointi za nini. Kama ni mwezi wa kumi anza kutafuta sasa hivi, na zile studio za pointi chache za Jambo House usihangaike nazo, wenye nazo wanazichukua siku ile ile miezi 11 inapotimia.

Alafu hujasema watoto wana umri gani. Chini ya miaka mitatu tiketi bure, mitatu mpaka tisa bei ya mtoto, kumi ni mtu mzima. Taja miaka yao na mnatokea state gani, kama ni ya ndege hesabu ya jiko na unga inabadilika kidogo.